Visukuku vya bahari kwa familia inayokaa Mwanza: vitafutwe wapi, visafishwe vipi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Nyegezi hapa Mwanza. Wanangu waliona video ya watu wa Uingereza wanaopasua mawe ufukweni na kukuta ndani yake viumbe wa bahari waliogeuka jiwe, wamejikunja kama konokono. Tangu siku hiyo nyumba imejaa mawe. Wa kati ameokota Luchelele kigamba kidogo kilichojikunja vilevile, anaapa kwamba ni kisukuku na kwamba ziwa letu zamani lilikuwa bahari. Ni kweli? Desemba tunakwenda Tanga kwa wakwe zangu. Tunaweza kutafuta visukuku huko kama kazi ya likizo, na tukivipata tunavisafishaje nyumbani bila mashine? Kuna aliyeniambia niviloweke kwenye siki tu.

Jibu: Marahaba, mama. Niruhusu nianze na hicho kigamba cha Luchelele, maana hakiwezi kusubiri Desemba.

Kwa ulivyokieleza, kimejikunja bapa, hakikuchongoka juu kama cha konokono wa bustanini. Kwenye fukwe za Mwanza wapo konokono wa umbo hilo, nao wako hai hadi leo. Wataalamu wanawaita Biomphalaria. Ni wadogo, gamba lao ni jepesi na jembamba, na likipigwa na jua kwa muda linageuka jeupe, likaonekana la kale kuliko lilivyo. Konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo, ugonjwa ulioenea sana kanda yetu ya ziwa. Gamba tupu lililokauka mchangani halina madhara yoyote. Hatari iko majini: vimelea vinatoka kwa konokono, vinaogelea, na vikikutana na ngozi ya mtu vinapenya. Vikikosa mtu, vinakufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo muulize mwanao kama alilikuta gamba pakavu au aliingia majini kulitafuta, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Kama amekuwa akiingia, mpeleke kituo cha afya akapimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo na inaponya. Na kuanzia sasa iwe kanuni ya nyumba kwamba magamba yanaokotwa juu ya mchanga, kwenye ule mstari wa majani na takataka unaoachwa na mawimbi. Miguu haiingii majini.

Mwanao hakukosea kuona umbo. Jicho lake ni zuri na ningependa alitunze. Viumbe vya kwenye video ni amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza, walioishi baharini tu na kutoweka miaka milioni 66 iliyopita, kipindi kilekile walichotoweka dinosaria. Kwa nje, amonaiti na konokono bapa wanafanana. Kwa ndani hawafanani kabisa. Gamba la amonaiti limegawanywa kwa kuta, chumba baada ya chumba. Mnyama mwenyewe alikaa chumba cha mwisho, na vile vya nyuma vilijaa gesi iliyomsaidia kuelea. Gamba la konokono ni mrija mmoja usio na ukuta hata mmoja, kuanzia mdomoni hadi katikati. Tafuteni gamba jingine la aina hiyo, mlisugue taratibu juu ya msasa wenye maji hadi nusu yake iishe, kisha mtoto atazame kwa kioo cha kukuzia. Ataona njia inayozunguka bila kizuizi. Siku atakayoona amonaiti iliyokatwa katikati, hatahitaji kuambiwa tofauti.

Ziwa letu halikuwahi kuwa bahari. Uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yalijikusanya hapa baada ya ardhi ya upande wa magharibi, kando ya Bonde la Ufa, kuinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea huko. Kagera ni mmoja wa mito hiyo. Ziwa lenyewe ni changa, linakadiriwa kuwa na miaka kama 400,000, na katika muda huo limewahi kukauka. Lilianza kujaa tena miaka 15,000 hadi 17,000 hivi iliyopita.

Mawe ya Mwanza ni ya kale mno, na ukale huo ndio unaoyaondoa kwenye orodha yenu. Lile la Bismarck, yale ya Kapripoint na Saanane, na yaliyobebana milimani juu ya nyumba za watu, ni graniti. Yaliganda kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na mnyama mwenye gamba popote duniani. Wanyama wa namna hiyo walianza kuonekana miaka milioni 550 hivi iliyopita. Wengi wanadhani mawe yetu yamekuwa mviringo kwa kupigwa na mawimbi ya bahari ya zamani. Sivyo. Maji ya mvua yaliingia kwenye nyufa, yakazilainisha kona kwa muda mrefu sana, udongo uliotokana nazo ukachukuliwa, vikabaki viini. Kwa hiyo wazuie watoto kuyapasua. Ndani hamna kitu, na chembe ya graniti ikiruka inaweza kupofua jicho.

Kama kuna atakayemcheka mwanao kwa kudhani ziwa ni mabaki ya bahari, mwambie habari za Mwingereza J. E. S. Moore. Huyu alikuja kuchunguza Ziwa Tanganyika miaka ya 1890, akaona konokono wake wamefanana mno na wa bahari ya kipindi cha Jura, enzi za dinosaria, na humo ziwani kuna hata konyeza (jelifishi), kiumbe ambacho watu wamezoea kukikuta baharini. Akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichonasa bara. Hoja hiyo ilijadiliwa kwa uzito, na baadaye ikaonekana si kweli. Ziwa lilizaliwa kwenye ufa wa ardhi, na konokono wake walijipatia maumbo hayo wakiwa humohumo. Kufanana kwa umbo hakuthibitishi undugu wala asili. Hilo ndilo somo la kwanza katika kazi hii, na wanao wameshalipata bila nauli.

Ziwa lina visukuku vyake, ila havina uhusiano na bahari na haviokotwi ufukweni. Watafiti wamezamisha mirija kwenye matope ya chini ya ziwa, wakaivuta juu, wakachekecha matope tabaka kwa tabaka na kukuta maelfu ya meno ya samaki, yakiwemo ya furu, madogo kuliko punje ya mchele. Kwa meno hayo wamefuatilia, kwa karibu miaka 17,000, jinsi furu walivyoongezeka aina hadi kufikia mamia tunayoyajua. Kandokando ya ziwa hilihili, upande wa Kenya, kuna kisiwa cha Rusinga, ambako mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu la nyani wa kale asiye na mkia, wa miaka milioni 18 hivi, aliyeitwa Proconsul na sasa anaitwa Ekembo. Na kusini yetu, bonde la mto Manonga lina mifupa ya tembo, viboko na samaki wa miaka milioni nne hadi tano na kitu. Hayo yote ni maeneo ya watafiti wenye vibali. Nimeyataja ili watoto wajue kwamba wanaishi katikati ya mambo makubwa, wasidhani yote yako Uingereza.

Sasa Tanga. Hapo, mama, umebahatika kupata wakwe.

Pwani yetu ilipatikana pale bara kubwa la kusini, Gondwana, lilipopasuka na Madagaska ikaanza kujitenga. Bahari ikaingia kwenye ufa huo. Chini yake matope na chokaa vikatulia juu ya makombe, matumbawe na amonaiti, vikagandamizwa vikawa mwamba. Kwa hiyo kuna ukanda mwembamba wa miamba ya bahari unaofuata pwani, kutoka Mombasa hadi Lindi na Mtwara. Chokaa ya Tanga, ile iliyotobolewa na maji ikawa mapango ya Amboni, ni ya kipindi cha Jura, kilichoanza miaka milioni 201 iliyopita na kwisha miaka milioni 145 iliyopita. Kule Lindi, kilima cha Tendaguru kimejulikana kwa dinosaria waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, lakini wachache wanajua kwamba katikati ya tabaka za mifupa zimo tabaka za makombe ya bahari. Maji yalikuwa yakipanda na kushuka. Mfupa mmoja uko chini ya kombe, mwingine uko juu yake, na kwa kufuata mpangilio huo wataalamu wakajua mnyama yupi alitangulia. Mifupa ilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi, na ile dhaifu ilifungiwa ndani ya magamba ya mianzi ili isivunjike njiani. Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, jina ambalo ningependa kila mtoto wa Kitanzania alijue.

Kabla hujafika kwenye mwamba wa Jura, pwani yenyewe itakuonyesha visukuku bila nyundo. Yale mawe magumu, yenye matundu na ncha, yaliyojengewa Mji Mkongwe wa Zanzibar na magofu ya Kilwa Kisiwani, ni matumbawe ya kale. Sehemu kubwa ya ile unayoiona juu ya maji leo iliota miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko sasa kwa mita sita au zaidi. Maji yakashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu. Wapeleke watoto asubuhi maji yakiwa yamekupwa, wasimame mbele ya ukuta wa mwamba huo, watafute ua la tumbawe lililokatwa, kombe kubwa lililofunga midomo, mrija wa mnyoo. Vitu hivyo havitolewi, vinapigwa picha na kuchorwa. Kwa maoni yangu siku hiyo moja inafundisha zaidi ya mfuko mzima wa mawe, kwa sababu kila kiumbe kinaonekana kikiwa pale kilipoishi, jirani na wenzake.

Nyinyi watu wa ziwa hamna mazoea na maji kupwa na kujaa. Tanga, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji ya juu na ya chini inapita mita tatu. Muulizeni mvuvi saa ya maji kujaa kabla hamjashuka, mwanze kurudi mapema, na msikae chini ya mwamba uliotokeza kama paa. Unaliwa na mawimbi kwa chini, na siku moja unaanguka bila kutoa taarifa.

Kuhusu ruhusa niseme bila kuzunguka. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964 na imerekebishwa tangu hapo. Inamtaka mtu awe na leseni kabla ya kuchimba au kutafuta mabaki ya kale, na visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea vimo ndani yake. Kuvitoa nje ya nchi nako kunataka kibali. Kwa hiyo mkiona mfupa au jino ndani ya mwamba, msiguse. Pigeni picha yenye kitu cha kupimia ukubwa, andikeni mahali, mpelekeeni taarifa afisa wa Mambo ya Kale au wa utamaduni wa halmashauri. Amonaiti, chaza na matumbawe hawana uti wa mgongo, lakini hilo halikupi haki ya kujichukulia popote. Amboni ni eneo linalolindwa, hapatolewi hata kokoto. Vilevile eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya wavuvi wa Tanga kuanza kumnasa samaki huyo. Wasimulie watoto habari zake: wataalamu walimfahamu silikanti kwa visukuku tu, wakaamini ametoweka pamoja na dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa mzima Afrika Kusini mwaka 1938.

Mahali panapofaa familia ni machimbo ya mawe ya chokaa, kwa idhini ya mwenyewe, siku ambayo hakuna ulipuaji wala mitambo. Kabla ya safari ulizia pia ofisi ya Mambo ya Kale kuhusu eneo mnalolitaka. Mkipata idhini, acheni kuta za machimbo na mfanye kazi kwenye kifusi. Na katika kifusi hicho msitafute mawe mapya yaliyopasuliwa jana. Kwenye uso mpya, kombe na chokaa vina rangi moja na jicho linapita bila kuona. Tafuteni uso ulionyeshewa mvua misimu mingi. Mvua inakula chokaa laini iliyozunguka, gamba lililo gumu kidogo linabaki limetokeza: mstari wa mbavu, ukingo wa mviringo, nyota ya tumbawe. Inama, weka uso karibu na jiwe, tazama kwa mshazari jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, maana kivuli ndicho kinachokuonyesha. Amonaiti si nyingi. Msizitarajie kama za kwenye video. Pwani kama ile ya Lyme Regis, Uingereza, ina miamba ya matope inayobomolewa na bahari kila msimu wa baridi, kila dhoruba inamwaga mzigo mpya. Tarajieni chaza, matumbawe na konokono wa bahari. Mkikuta kijiti cha jiwe cha mviringo chenye ncha upande mmoja, hicho ni belemnaiti, sehemu ngumu ya ndani ya mwili wa jamaa mwingine wa ngisi.

Vifaa ni vichache: nyundo ya nusu kilo, tindo moja nyembamba ya fundi mwashi, miwani ya kinga kwa kila aliye karibu (anayetazama naye avae), glavu, magazeti, kalamu isiyofutika na daftari. Nyundo ya misumari msiitumie kwenye jiwe, chuma chake kinameguka na kuruka. Chukueni vichache, tuseme vitatu kwa kila mtoto, vilivyo bora na vilivyokwisha kutoka mwambani.

Na hapa nakuomba uwe mkali kuliko popote. Kabla kisukuku hakijafungwa kwenye gazeti, kipewe namba, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na tarehe, jina la mahali, sehemu ya machimbo, kilikuwa kimelala kwenye kifusi au kwenye tabaka, jiwe lake lilikuwa la rangi gani. Piga picha mahali pale kwa simu iliyowashwa ramani. Nimeletewa visukuku vizuri vya kuvutia ambavyo mwenye navyo hajui kama vilitoka Tanga, Lindi au kwenye lori la kokoto. Havina msaada kwa yeyote, kwa sababu umri wa kisukuku unasomwa kutoka kwenye tabaka lake. Kombe lililovunjika lenye maandishi kamili nitalipokea kwa mikono miwili. Zima lisilo na maandishi linabaki pambo la kabati.

Safari ya kurudi Mwanza ni ndefu. Kila kipande kivingirishwe gazeti lake, vipange kwenye ndoo yenye mfuniko, majani makavu au nguo kuukuu katikati, na ndoo ikae kwenye buti la basi, si juu ya vichwa vya abiria.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kutoa chumvi kwa vile vilivyotoka karibu na bahari. Mwamba uliopigwa na maji ya bahari umenyonya chumvi. Ukikauka, chumvi inaganda ndani yake, fuwele zinatanuka na kukibandua kisukuku ngozi kwa ngozi. Unaweza kukiona kizima Januari na kukikuta unga mwezi Aprili. Viloweke kwenye beseni la maji ya kunywa, badilisha maji kila siku kwa wiki mbili au tatu, kisha vikauke taratibu kivulini, kamwe si juani. Ila jaribu kwanza kipande kisicho na maana cha jiwe hilohilo. Kama ni la udongo mlaini, litayeyuka ndani ya maji, na hapo hutaloweka, utasafisha kwa brashi kavu tu.

Sasa siki. Aliyekushauri amechukua njia inayotumika kwa visukuku vya aina nyingine. Siki ni asidi, na asidi inakula chokaa. Dondoshea tone kwenye unga wa jiwe uliokwaruzwa, utaona povu. Lakini gamba la chaza nalo ni chokaa, tumbawe nalo ni chokaa. Siki haijui lipi jiwe, lipi kisukuku. Inavila vyote, na mara nyingi inaanza na mbavu nyembamba na mapambo, yaani sehemu uliyokuwa ukiitaka. Maabara hutumia asidi pale kisukuku kilipokuwa cha madini tofauti na jiwe, kwa mfano meno na mifupa, au kombe ambalo gamba lake limebadilishwa kuwa silika (madini magumu kama ya mchanga), nako kwa kipimo na uangalizi. Tumia siki kutambua jiwe kama ni chokaa, kwa tone moja, pembeni, mbali na kisukuku. Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo. Basi, chupa irudi jikoni.

Kinachosafisha ni mkono na muda. Tuseme umerudi na bonge la chokaa, chaza ametokeza robo. Jaza mchanga kwenye kifuko cha kitambaa, shona, jiwe likalie hapo; mchanga unalishika na kuumeza mshindo. Kama jiwe ni kubwa mno, litolewe ziada kwa tindo ndogo, kuanzia mbali, ncha ikielekea nje, isielekee kwenye gamba hata kidogo. Ukibakiza upana wa kidole, weka nyundo chini. Chukua spoku ya baiskeli, fundi akunolee ncha, itie mpini wa mti. Sindano ya kushonea magunia nayo inafaa. Weka ncha juu ya jiwe linalofunika gamba, kandamiza wima, usikwaruze kwa pembeni. Mahali pengi utasikia mlio mdogo na kipande chembamba kitaruka chenyewe, kwa sababu kati ya gamba na jiwe kuna mshikamano hafifu. Fuata hapo. Kinaporuka utaona uso wa chini unang'aa au una mistari, tofauti na jiwe lililo vumbi; huo ndio uso wa gamba, na ncha isiuguse tena. Mswaki uliozeeka na maji kidogo vitamalizia. Jiwe likikataa kuachia, liache. Chaza aliyetoka nusu akiwa salama ni kazi iliyokamilika.

Vumbi la mawe linaharibu mapafu, kwa hiyo fanyieni uani, jiwe liwe na unyevu kidogo kama linastahimili maji, na barakoa zivaliwe. Msifanye kazi hii kwa mashine ya kusagia ya fundi. Ina nguvu kuliko macho.

Kipande kikivunjika, hicho si msiba, ilimradi hakuna kilichopotea. Subiri pande zote zikauke, jaribu kuziunganisha bila gundi hadi uone zinavyokaa, kisha paka gundi kidogo. Wahifadhi wa makumbusho hutumia plastiki iitwayo Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kwa sababu inaweza kuondolewa baadaye bila kudhuru. Kwa chaza wa mtoto, gundi nyeupe ya mbao inatosha. Gundi za kukauka papo hapo ni za haraka mno na haziachii. Ukikosea upande, umekosea moja kwa moja. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, inashika moto kwa wepesi, isikaribie jiko. Na vanishi usipake. Najua itang'aa na watoto watafurahi, lakini inaziba mikwaruzo midogo ambayo kwayo aina ya kombe hutambuliwa, na baada ya miaka inageuka njano.

Hadi Desemba mna muda wa kuzoeza mikono, na kwa hilo hakuna mahali pazuri kama Mwanza. Nenda Mwaloni, Kirumba, nunua kichwa cha sangara mkubwa. Mle supu kwanza. Kisha pasua fuvu kwa urefu, na nyuma ya macho, chini ya mahali ubongo ulipokuwa, tafuteni vijiwe viwili vyeupe, kimoja kila upande. Ni vijiwe vya masikio ya samaki, vimetengenezwa kwa chokaa kama kombe, na vinaongezeka tabaka kwa tabaka samaki anavyokua. Watafiti wa uvuvi huhesabu tabaka hizo kujua umri wake. Vijiwe vya namna hiyo hupatikana kama visukuku kwenye miamba ya bahari na ya maziwa pia, mara nyingi pasipo na mfupa wowote wa samaki uliobaki. Mtoto wa kati avitoe kwa sindano na mswaki, bila kukwaruza, akisafisha nyama kwenye mifereji. Kimoja kiwekwe kando. Kingine akivunje katikati, akisugue kwenye msasa mwembamba wenye maji, atazame tabaka kwa kioo. Vyote viwili viandikiwe: sangara, Mwaloni, Mwanza, tarehe, jina la aliyetoa, na urefu wa samaki kama muuzaji atakuruhusu kumpima kabla hajakatwa.